Mikono Inapotetemeka: Anza kwa Kuuliza Inatetemeka Lini

Mtu mzima akiinua kikombe cha chai mkono ukatetemeka, waliokaa naye huwa wameshatoa hukumu kabla kikombe hakijafika mdomoni. Mmoja atasema ni pombe. Mwingine atasema ni uzee. Wa tatu, anayemkumbuka Muhammad Ali akiwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta mwaka 1996 huku mkono ukimcheza mbele ya dunia nzima, atasema ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili na kuupotezea wepesi. Hukumu hizi tatu zinaumiza watu. Asiyekunywa anaitwa mlevi. Mwenye tatizo dogo anakosa usingizi kwa kuogopa ugonjwa asio nao. Na mwenye Parkinson ya kweli anaambiwa avumilie, ndio utu uzima huo, wakati dawa ipo.

Hilo la mwisho lina ushahidi wake. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, uliwapata watu 33 wenye Parkinson kati ya wakazi wapatao 161,000. Wengi wa hao 33 hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba ugonjwa wao una jina, wala kwamba kuna vidonge vya kuupunguzia makali.

Mkanganyiko mwingi huondoka ukianza na swali dogo. Kabla ya kuuliza kwa nini mkono unatetemeka, uliza unatetemeka lini: ukiwa umetulia, au ukiwa kazini?

Kipi ni mtetemeko na kipi si

Mtetemeko ni mwendo wa kiungo unaokwenda na kurudi kwa mpigo unaojirudia, bila mwenyewe kuutaka. Lazima mambo hayo yote yawepo. Kope inayocheza, ile ambayo wengine huisoma kama habari ya mgeni au ya msiba, si mtetemeko. Hapo ni nyuzi chache za msuli zinazoshtuka, mara nyingi kwa uchovu, kahawa au kukosa usingizi, na huisha zenyewe. Kutetemeka kwa homa kali, kama ya malaria, ni misuli inayokazana kuzalisha joto. Kinachotakiwa pale ni kipimo cha malaria na matibabu ya homa. Mwili unaokakamaa na kurusharusha viungo huku fahamu zimepotea ni degedege au kifafa, na hilo ni somo jingine kabisa.

Sasa jambo linalowashangaza wengi: hakuna mkono uliotulia moja kwa moja. Mkono wa mtu mwenye afya njema ukinyooshwa mbele hucheza mara 8 hadi 12 kwa sekunde, ila kwa kiasi kidogo mno ambacho jicho halikioni. Ukitaka kuuona, nyoosha mkono, kiganja kitazame chini, kisha tandaza karatasi ya daftari juu ya vidole. Kingo za karatasi zitakuonyesha.

Mtetemeko huu wa kila mtu huongezeka mwili ukiwa na hofu au ukichoka: mbele ya jopo la usaili, baada ya kubeba mizigo, baada ya vikombe vitatu vya kahawa kwenye tumbo tupu. Sababu ikiondoka, nao unaondoka. Lakini zipo sababu tatu za kundi hili ambazo hazifai kusubiriwa wala kupuuzwa.

Ya kwanza ni sukari kushuka. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi akianza kutetemeka ghafla, akitoka jasho, akiona njaa ya ajabu na moyo ukienda mbio, apime palepale. Chini ya 3.9 mmol/L sukari imeshuka. Kama hana mashine ya kupimia, achukulie kwamba imeshuka. Atumie kiasi cha gramu 15 za sukari inayoingia haraka: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa, vikorogwe kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Ile isiyo na sukari haina msaada hapa. Apime tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini arudie. Ikipanda, ale chakula, la sivyo itashuka tena. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, maana kinywaji kitaingia kwenye mapafu, akimbizwe hospitali.

Ya pili ni tezi ya shingo, ile ambayo ikivimba huitwa rovu. Ikifanya kazi kupita kiasi, vidole hutetemeka kwa mtetemo mwembamba na wa kasi, mtu hukonda ingawa anakula vizuri, huona joto wenzake wakijifunika, na moyo humwenda mbio hata akiwa amekaa. Kipimo cha damu hulimaliza swali hilo, na matibabu yapo. Wanawake wa umri wa kati hupatwa zaidi, na wengi huambiwa wana msongo wa mawazo.

Ya tatu ni dawa zenyewe. Salbutamoli ya pumu, iwe ya kuvuta au ya vidonge, hutetemesha mikono kwa saa chache baada ya kutumiwa. Aminofilini pia, valproeti ya kifafa, amitriptilini, lithiamu, prednisoloni. Kutetemeka kukianza wiki chache baada ya kuanzishiwa dawa mpya au kuongezewa dozi, hapo ndipo pa kuanzia kutafuta. Dawa isiachwe kienyeji: mwenye kifafa anayekatisha valproeti kwa sababu ya mikono anaweza kuanguka na kuumia vibaya zaidi. Arudi kwa aliyemwandikia, ama dozi ipunguzwe, ama ibadilishwe.

Kuupima nyumbani

Mpimaji anahitaji dakika tano, kiti, vikombe viwili, maji, kalamu na karatasi isiyo na mistari.

Mtu aketi, aweke mikono mapajani, viganja vitazame juu, misuli ilegee kabisa. Kisha ahesabu kwa sauti kutoka 100 kurudi nyuma, akitoa saba saba. Hesabu hiyo ina kazi yake: ikiushughulisha ubongo, mtetemeko wa mkono uliotulia hujitokeza, hata ule ambao mtu amezoea kuuzuia bila kujua. Tazama kwa dakika nzima. Kosa kubwa hapa ni kumwacha mtu ashike ukingo wa kiti au anyanyue mikono kidogo hewani. Misuli ikishashika kitu haijatulia tena, na jibu utakalopata ni la swali jingine.

Kisha anyooshe mikono mbele, vidole vimeachana, kwa sekunde 30 kamili. Usimkatishe mapema, utaona sababu yake baadaye. Baada ya hapo amimine maji kutoka kikombe kimoja kwenda kingine, na kurudi. Halafu aguse pua yake kwa kidole cha shahada, aguse kidole chako ulichokiweka mbali kiasi cha kumlazimisha anyooshe mkono, arudi puani, mara tano. Mwisho achore mzunguko wa konokono kuanzia katikati kwenda nje, kwanza kwa mkono mmoja, kisha kwa mwingine, mkono usiegemee meza. Andika tarehe kwenye karatasi hiyo na uitunze.

Ukiwa kazini: mtetemeko wa ukoo

Mkono uliotulia tuli mapajani, ukaanza kutetemeka ulipoinuliwa na ukazidi wakati wa kumimina maji, unaelekeza kwenye tatizo ambalo karatasi ya hospitali huliita essential tremor. Hapa tuliite mtetemeko wa ukoo, kwa kuwa wengi walio nalo wana mzazi au ndugu mwenye mikono ya namna hiyo, na penye urithi huo mtoto ana nafasi karibu nusu ya kuupata. Wapo pia wasio na ndugu hata mmoja mwenye tatizo hili. Huwapata watu wengi kuliko Parkinson, ingawa jina lake halijulikani mitaani.

Huanza ujanani au baada ya miaka 60, hushika mikono yote miwili ingawa mmoja unaweza kuzidi, na huongezeka polepole sana, kwa miaka. Kwa baadhi kichwa nacho hutikisika, kama mtu anayekataa au anayekubali jambo, na sauti hupata mawimbi. Mwandiko huwa mkubwa na wenye michirizi, na ule mzunguko wa konokono hutoka na meno pembeni. Ili daktari aseme kwa uhakika kwamba ni huu, vigezo vilivyokubaliwa kimataifa mwaka 2018 vinataka uwe umedumu angalau miaka 3, mikono yote miwili, bila dalili nyingine za mishipa ya fahamu.

Hauui, na wengi walio nao hawapati Parkinson. Ila neno "hauui" limewafanya hata baadhi ya wahudumu wa afya wauone si kitu, na hapo wanakosea. Mtu anayerudishwa benki kwa sababu saini hailingani, fundi cherehani asiyeweza tena kutia uzi kwenye sindano, mzee anayekataa kula harusini ili asimwage pilau mbele za watu, hao wana ugonjwa unaostahili dawa.

Kwa watu wengi wenye mtetemeko wa ukoo, kiasi kidogo cha pombe huutuliza kwa saa moja au mbili, na hapo ndipo lawama ya ulevi inapopata nguvu. Jirani anamwona akitetemeka, anamwona akinywa, anamwona ametulia, na hesabu yake imekamilika. Mlevi anayezimua asubuhi naye hutulia vivyo hivyo, ila sababu ni tofauti. Kutetemeka kwa aliyekosa pombe huanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho, na hakuji peke yake: jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, wasiwasi, usingizi kukataa. Mtetemeko wa ukoo haungoji pombe iishe mwilini. Ulikuwepo juzi, upo leo, upo hata kwa asiyewahi kuonja. Kuutibu kwa pombe ni njia mbaya, maana ikiisha mwilini mkono hurudi ukitetemeka zaidi na dozi hupanda.

Tahadhari kwa familia: aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asifungiwe chumbani aache ghafla. Anaweza kupata degedege katika siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo na kupandwa na homa. Hali hiyo huua. Akaachie pombe hospitali.

Ukiwa umetulia: hapo ndipo Parkinson huulizwa

Mwaka 1817 daktari James Parkinson wa London aliwaeleza wagonjwa sita wenye kutetemeka mikono ikiwa imepumzika, na maelezo yake bado yanatambulika. Dole gumba husugua kidole cha shahada kama mtu anayevuta tasbihi, mara 4 hadi 6 kwa sekunde, mkono ukiwa mapajani au ukining'inia wakati wa kutembea. Huanza upande mmoja, na upande huo hubaki kuwa mbaya zaidi hata mwingine ukifuata. Mwenyewe akinyoosha mkono kuchukua kikombe, mtetemeko hukatika. Akiendelea kuushikilia hewani, baada ya sekunde kadhaa unarudi, na ndiyo maana ya zile sekunde 30.

Lakini kutetemeka si ndiyo dalili kuu ya Parkinson. Kama robo ya wagonjwa huanza ugonjwa bila kutetemeka kabisa. Kisichokosekana ni wepesi kupotea. Mwambie mtu agonge dole gumba kwa kidole cha shahada mara 15, kwa upana na kwa haraka awezavyo. Kwa mwenye Parkinson miguso ya kwanza huwa mipana, kisha inafinyika na kupungua kasi hadi vidole karibu visiachane. Mkono mmoja hauendi mbele na nyuma anapotembea. Vifungo vya shati vinachukua dakika nyingi. Uso unakosa uchangamfu, watu wanadhani amenuna. Mwandiko unaanza wa kawaida na kuishia mdogo kama wa kuficha, kinyume kabisa na ule mkubwa wa mtetemeko wa ukoo. Kuna na dalili zinazotangulia kwa miaka: pua kutosikia harufu, choo kigumu cha kudumu, kupiga kelele na kurusha mikono usingizini.

Kinachotokea ni kwamba chembe za sehemu ndogo ya ubongo wa kati, zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, zinakufa. Dopamini ndiyo inayowezesha mwendo kuanza na kwenda vizuri, na mpaka mkono uanze kutetemeka, chembe nyingi zimekwishapotea. Parkinson haiambukizi. Hakuna aliyeitupia kwa mwenzake. Wengi wanaoipata wamepita miaka 60, na wengi wao hawana mzazi aliyekuwa nayo.

Kuna hali inayofanana nayo ambayo hutoka kwenye chumba cha dawa. Haloperidoli na klopromazini, zinazotumika kwa magonjwa ya akili, huziba njia ya dopamini. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika hufanya hivyo pia, hasa mzee akiitumia kwa wiki na miezi badala ya siku chache. Mara nyingi pande zote mbili hupatwa kwa pamoja. Dawa ikibadilishwa na daktari, mwili hurejea ndani ya wiki kadhaa au miezi. Ndiyo sababu mzee anayetetemeka asianzishiwe dawa za Parkinson kabla mfuko wake wote wa dawa haujamwagwa mezani na kukaguliwa.

Mkono unaoyumba unapokaribia

Zipo namna nyingine chache. Mkono unaotulia njiani lakini ukayumba kwa mapana kila unapokaribia pua au kidole chako unaonyesha tatizo la ubongo wa nyuma, ule unaopima mwendo: kiharusi, uvimbe, au pombe ya miaka mingi. Mara nyingi mtu huyo hata kutembea anapepesuka. Kijana wa chini ya miaka 40 anayeanza kutetemeka bila sababu apimwe pia madini ya shaba mwilini na macho yake yakaguliwe, kwa kuwa kuna ugonjwa wa kurithi wa shaba kujikusanya kwenye ini na ubongo. Ni nadra, lakini ukigunduliwa mapema hutibika, ukicheleweshwa huharibu vyote viwili.

Kutetemeka au kuyumba kulikoanza ghafla, ndani ya dakika au saa, pamoja na mdomo kwenda upande, ulimi mzito, mkono kulegea au kizunguzungu kikali, kuchukuliwe kuwa kiharusi hadi hospitali iseme vinginevyo. Apelekwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Hospitali na dawa

Watu hutumia fedha nyingi kwenye picha za ubongo wakitarajia zitoe jibu. Picha ya kawaida ya CT au MRI huwa safi kwa mwenye mtetemeko wa ukoo, na huwa safi kwa mwenye Parkinson pia. Hupigwa kutafuta mambo mengine, kama kiharusi au uvimbe. Kwa hiyo "picha haikuonyesha kitu" haina maana ya "huna kitu". Jibu hutokana na daktari anayetazama, kugusa, kuuliza na kumtembeza mgonjwa chumbani, pamoja na vipimo vya damu vya tezi, sukari, figo na ini.

Kwa mtetemeko wa ukoo, dawa ya kwanza ni propranololi, ambayo ni ya bei nafuu. Mara nyingi huanzwa kwa miligramu 40 mara mbili kwa siku, kisha daktari huipandisha taratibu. Haimalizi mtetemeko, huupunguza, na si kwa kila mtu. Mwenye pumu asiiguse kabisa, kwa sababu hubana njia za hewa. Mwenye kisukari cha insulini aijue hatari yake: huficha mapigo ya moyo na kutetemeka, zile alama zinazomwonya kwamba sukari imeshuka. Na isikatishwe ghafla. Ya pili ni primidoni, inayoanzwa usiku kwa dozi ndogo sana, kwa sababu siku za kwanza huleta kizunguzungu na kichefuchefu. Wanaoivumilia wiki hizo mara nyingi huzoea.

Parkinson hutibiwa hasa kwa levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, iliyochanganywa na karbidopa. Vidonge hivi vinywewe nusu saa kabla ya chakula au saa moja baada yake, kwa sababu nyama, maharage na maziwa hushindana na dawa kuingia kwenye damu. Wengi wanaosema "dawa imegoma" wanaimeza katikati ya mlo. Mgonjwa akihisi kichefuchefu mwanzoni, anywe na kitu kikavu kidogo kama kipande cha muhogo au biskuti. Kuikatisha ghafla kunaweza kumkakamaza mwili mzima na kumletea homa kali.

Kuhusu upupu: ni kweli, mbegu za mmea huu unaowasha zina levodopa ya asili, na watafiti wameuchunguza kama dawa ya bei nafuu. Tatizo ni kipimo. Kiasi cha levodopa hubadilika kati ya mbegu na mbegu, na mtu anayechanganya unga wa upupu na vidonge vya hospitali anaweza kupata dozi mara mbili bila kujua: mwili kujinyonganyonga, presha kushuka, kuona mauzauza. Anayeutumia amwambie daktari wake waziwazi, na daktari naye asimkaripie, maana akikaripiwa ataficha.

Wakati dawa inatafutwa, mikono inaweza kusaidiwa leo. Viwiko viegemee meza wakati wa kula. Kikombe kiwe kizito chenye mfuniko na mrija, kijazwe nusu. Kijiko kizito humfaa mwenye mtetemeko wa ukoo. Kalamu nene pia. Kahawa ipunguzwe. Saini ibadilishwe benki mapema, kwa mwandiko rahisi au alama ya dole gumba, kabla ya siku ya dharura.

Mkono una tabia ya kutulia siku ya kliniki. Mrekodi mgonjwa nyumbani kwa simu: sekunde 30 mikono mapajani akihesabu, sekunde 30 mikono imenyooshwa, sekunde 30 akimimina maji, na nyingine akitembea hadi mlangoni na kurudi. Beba karatasi ya mzunguko wa konokono, paketi za dawa zote hata za miti shamba, na majina ya ndugu wanaotetemeka. Chora mzunguko mwingine baada ya miezi 6 na uuambatishe na ule wa kwanza, ili daktari aone dawa imefika wapi.